Koti la mvua la baiskeli: nililivaa Lushoto hadi Korogwe, masika

Koti nililinunua kwa hela yangu, Sh 180,000, kwa hiyo sina wa kumfurahisha. Kwenye lebo wameandika milimita 10,000, maana yake kitambaa kinastahimili uzito wa maji ya kimo cha mita 10 kabla ya kuanza kuvuja. Mishono imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Rangi ni ya chungwa, ile ya kuumiza macho, na niliichagua makusudi kwa ajili ya malori.

Ilikuwa siku ya nne ya safari ya Moshi hadi Tanga, mwezi wa Aprili. Tulilala Lushoto. Alfajiri mvua ilipiga bati la gesti hadi alamu ya simu haikusikika. Mwenzangu akafungua pazia, akachungulia, akalifunga, akarudi kitandani. Tulipofika saa mbili bila dalili ya kupusa, tukatoka hivyohivyo.

Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, na unashuka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, ukuta wa mlima huku, bonde kule. Kwenye mvua, afadhali kupanda. Ukipanda mwili unajipasha moto wenyewe. Ukishuka hunyongi, umekaa tu kama gunia na upepo unakuingia mpaka kwenye mbavu. Hapo koti lilirudisha hela yangu. Kifua na mgongo vilibaki vikavu kabisa. Vidole ndivyo vilivyokufa ganzi, kwa sababu nilijifanya mjanja nikaacha glavu nyumbani.

Tatizo kubwa likawa breki. Zangu ni za mpira unaobana rimu, na rimu ikilowa, ukibonyeza mara ya kwanza hupati kitu. Gurudumu linazunguka kwanza, mpira unafuta maji, ndipo unashika. Ikabidi nianze kubana taratibu mita nyingi kabla ya kila kona. Tope la mlimani lilikuwa limemwagika barabarani, na mchanga ule ukiingia kati ya mpira na rimu unakuwa msasa. Nilikuwa nausikia ukikwaruza.

Soni tulisimama kwenye kibanda cha chai. Mzee mmoja alikuwa amejibanza humo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetumwa, au ni kwa hiari yenu?"

Akanishika mkono wa koti, akaupapasa. "Hili la mpira?"

Nikamwambia si la mpira, hili linapumua. Akarudia, "Linapumua!" akamgeukia mama wa chai, wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Tulipoyapita maporomoko ya mto pale Soni, maji yalikuwa na rangi ya chai ileile ya maziwa tuliyotoka kunywa.

Mombo koti likaacha kupumua. Huko chini kuna joto, na mvua ilikuwa haijakatika. Vitambaa vya aina hii hutoa jasho kama mvuke pale ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Nje kukiwa kama ndani, jasho halina pa kwenda. Nilipofungua zipu, fulana ilikuwa chapachapa, na si kwa mvua. Vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama pale na makoti yao ya plastiki, na kwa joto lile sikuwa na cha kuwaringia.

Fundi wa baiskeli alizitazama breki zangu akaguna. Mipira ya nyuma ilikuwa imeliwa, chuma kinakaribia kugusa rimu. Akaibadilisha yote minne kwa bei ambayo ningeilipa hata mara tatu.

Kutoka hapo hadi Korogwe, kama kilomita 40, ni barabara kuu, mkonge na mabasi. Kila basi likipita linakumwagia ndoo nzima usoni. Sina madigadi, basi gurudumu la nyuma likanichora mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni, na hili nalilaumu koti pia: ukiinama kushika usukani linapanda, mgongo wa chini unabaki wazi. Mfuko wa kifuani nao unavuja kwenye zipu. Noti zangu nilizianika juu ya feni ya gesti Korogwe, na simu ingekufa kama nisingeizungushia mfuko wa nailoni.

Kwa anayezunguka nyanda za juu, Lushoto, Njombe, Mbeya, nunua. Kwa anayeendesha Tanga au Dar, chukua koti la bodaboda, chenji nunulia madigadi na mipira ya breki ya akiba. Na ukilinunua, chukua saizi moja juu ya yako. Mimi navaa L, ningechukua XL.