Bamba la kusukuma theluji kwenye trekta dogo la bustani: uzoefu wangu

Hasira hii ninayo tangu majira ya baridi yaliyopita, leo naitoa.

Bamba lenyewe halina ubaya. Theluji ikiwa kavu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, nalilaza upande, napita mara tatu, njia iko wazi. Kilichonichefua ni springi. Nyuma ya bamba kuna springi mbili, kazi yake ni kuliacha liiname mbele likikuta kitu kigumu, kisha kulirudisha. Zilifungwa na fundi wa muuzaji, mimi sikuzigusa.

Asubuhi moja theluji ilikuwa ya majimaji, nzito kama zege, na ukingo wa saruji umefukiwa chini yake. Nikaugonga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bamba halikuinama hata kidogo! Trekta likasimama ghafla, usukani ukanipiga kifuani, na pini inayoshikilia bamba likilazwa upande ikakatika vipande viwili. Kushuka kuangalia, springi zimekazwa hadi zimevutika kama kamba ya nguo. Zingeachiaje?

Nikampigia muuzaji. Sikumaliza hata salamu. "Umeweka uzito nyuma? Umefunga minyororo?" Namwambia ninaulizia springi. "Jifunze kwanza kuendesha." Akakata simu. Mtu niliyemlipa pesa taslimu, bila kukopa!

Nikalegeza nati mwenyewe, nikatia pini mpya. Halafu, kwa shingo upande, nikafunga minyororo na vyuma vya uzito kwenye magurudumu ya nyuma. Hapo lazima niseme haki: trekta lililokuwa likizungusha matairi papo hapo sasa linasukuma hata lile tuta la theluji ambalo greda la barabarani huliacha mlangoni, mradi nilimege kidogo kidogo. Nilikuwa nimeandika "msinunue", nimefuta. Nunueni. Theluji ya mwanzo isukumeni mbali kabisa na njia, maana ikishaganda pembeni haisogei tena, na ya baadaye mtakosa pa kuiweka.

Lakini kila nikikumbuka ile simu damu inachemka. Alijua habari ya uzito na minyororo, mbona hakuniambia siku ananiuzia? Na springi je? Mpaka leo hajajibu. Pini ya akiba nimenunua kwingine.