Uzoefu wangu na sacheti za probiotiki: gesi ya wiki ya kwanza inatoka wapi

Nyota 3 kati ya 5. Probiotiki ni bakteria au hamira hai wanaonywewa kwa ajili ya tumbo, na nyota mbili nilizokata haziwahusu bakteria hao. Nimezikata kwa ajili ya unga uliochanganywa nao, na maelekezo ya kwenye boksi ambayo hayamwandai mtu kwa lolote.

Boksi lina sacheti 30, unga mweupe wenye utamu kwa mbali, sacheti moja kwa siku. Kila sacheti ina bakteria hai bilioni 10 wa aina mbili, Lactobacillus rhamnosus GG na Bifidobacterium lactis BB-12, pamoja na inulini gramu 3. Hizo gramu 3 zimeandikwa nyuma kwa herufi za kusomea na miwani, wakati ndizo za kuangaliwa kwanza.

Inulini ni nyuzilishe, mara nyingi hutolewa kwenye mizizi ya chikori. Utumbo mwembamba hauimeng'enyi, kwa hiyo inashuka nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria, wageni wa kwenye sacheti na wenyeji waliowakuta, wanaichachusha. Inatoka haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Watu wazima wengi huvumilia gramu 5 hadi 10 za inulini kwa siku, lakini mwenye tumbo jepesi anaweza kuanza kulalamika hata kabla ya 5. Halafu kumbuka kwamba vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano vina nyuzi za familia hiyohiyo, na maharage yana za kwake. Sacheti ya jioni juu ya chapati, maharage na kachumbari inaongezea mzigo ambao tayari upo.

Kwangu ilikwenda hivi. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili, saa nne au tano baada ya kunywa, tumbo likaanza kunguruma chini ya kitovu. Siku ya tatu na ya nne ndizo zilikuwa mbaya: mkanda unabana kuanzia alasiri, gesi nyingi, ila harufu si kali. Hiyo harufu ni dokezo zuri. Haidrojeni, kaboni dayoksaidi na methani hazinuki; kinachonuka ni misombo ya salfa, ambayo huja zaidi na mayai, nyama na kabichi. Siku ya sita choo kilikuwa laini, mara mbili kwa siku. Kufikia siku ya tisa mambo yalikuwa yametulia. Wengine hufunga choo badala ya kulainika, na hilo nalo huwa la muda. Mpaka wiki mbili bado ni kawaida. Likizidi hapo, acha kunywa, uone kama litaondoka.

Baada ya kupumzika wiki mbili nilijaribu kapsuli zenye GG ileile, bilioni 10, bila inulini. Muungurumo kidogo siku mbili, basi. Tumbo la mtu mmoja si utafiti, lakini inalingana na namna kitu hiki kinavyofanya kazi: bakteria bila chakula cha ziada hawana cha kuchachusha zaidi ya ulichokula.

Ukiwa tayari umenunua sacheti za inulini, usizitupe. Mwaga unga kwenye sahani kavu, ugawe mara nne kwa kisu. Siku tatu za kwanza robo, siku tatu zinazofuata nusu, kisha robo tatu kwa siku tatu, ndipo sacheti nzima. Kasoro ya njia hii ni unyevu. Inulini inanyonya maji hewani, na kwa hewa ya Dar au Mombasa unga ulioachwa wazi unashikana mabonge. Bakteria waliokaushwa wakiguswa na unyevunyevu wanaamka nusunusu na kufa. Robo zinazobaki ziweke kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko cha kukaza, ndani ya friji, na zisipite siku tatu.

Kunywa pamoja na chakula au muda mfupi kabla yake, kwa maji ya kawaida. Usikoroge kwenye uji au chai ya moto: kinachounguza kidole kinaua bakteria. Ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki, tenganisha kwa saa mbili angalau, na ujue kwamba kuharisha kwa siku hizo kunaweza kuwa kwa antibiotiki yenyewe. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yake umwage. Hilo pekee linapunguza gesi.

Vidonge vya kutafuna vina shida nyingine: sorbitoli na manitoli zinazowekwa kwa utamu huvuta maji utumboni na kulainisha choo. Saccharomyces boulardii, inayouzwa nayo kama probiotiki, ni hamira, si bakteria. Antibiotiki za bakteria haziiui, ila dawa za fangasi zinaweza kuizuia, na watumiaji wake wengine hupata kiu na kufunga choo.

Sasa wauzaji. Ukilalamika gesi, utaambiwa "hizo ni sumu zinatoka, ongeza dozi." Hakuna sumu inayotoka. Ni uchachushaji, na ukiongeza dozi unaongeza inulini. Ushauri huu unaniudhi zaidi kwa sababu unamfundisha mtu kuvumilia dalili asizopaswa kuvumilia. Homa, damu kwenye choo, kutapika mfululizo, vipele vinavyowasha, midomo kuvimba au kifua kubana si dalili za kuzoea. Vipele, kuvimba au kubanwa ni mzio: acha hapohapo, na kama pumzi inakuwa ngumu nenda hospitali bila kusubiri. Homa kwetu huku inataka kipimo cha malaria kwanza, si kusingiziwa probiotiki. Anayepata matibabu ya saratani, aliyepandikizwa kiungo, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake iko chini sana asianze bila daktari wake. Mtoto njiti asipewe kienyeji kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya watoto hao, kwa sababu bakteria au hamira hizi zinaweza kuingia kwenye damu yao.

Dukani angalia vitu viwili. Jina liwe kamili hadi kipande cha mwisho, kama GG au BB-12. "Lactobacillus" peke yake haikuambii kitu. Na idadi ya bakteria iwe imehakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda, siyo siku ya kutengenezwa. Kisha uliza boksi lilikuwa wapi. Langu liliandikwa lihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na lilitolewa kwenye rafu ya dirishani inayopigwa jua la mchana.