Uzoefu wangu: nilinunua boksi la CD 33 la Haydn kabla sijawa hata na Beethoven mmoja

Jamani kama kuna mtu anataka kuanza kununua simfoni (ile miziki mirefu ya okestra) kwa maboksi asome hapa kwanza, hela ya kukosea nimeshaitoa mimi.

Niko Recklinghausen, Ujerumani, nasomea uuguzi, na nikitoka shifti ya usiku usingizi hauji mpaka kwenye saa nne asubuhi hivi, sasa ule muda nilikuwa nataka kitu cha kusikiliza kisicho na mtu anaongea. Nimekulia Moshi kwenye tarumbeta za kanisani, nilikuwa napuliza kabisa, kwa hiyo okestra haikuwa ngeni sana masikioni. Nikaingia mtandaoni nikakuta boksi la mtumba, simfoni zote za Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, CD 33, euro 45. Nikapiga hesabu, kila CD inakuja kama euro moja na senti 36, nikasema hii siachi. Na hiyo hesabu ndo iliniponza, maana ni sawa na mtu anayeishi peke yake kununua mchele gunia zima kisa kilo imeshuka bei, mwisho wa siku wanaokula ni panya.

Boksi lenyewe anayeongoza ni Antal Dorati na okestra inaitwa Philharmonia Hungarica, wamerekodi kampuni ya Decca kuanzia 1969 mpaka 1972. Haydn ana simfoni 104 zenye namba na mbili tatu za nyongeza. Mimi nikaanza na namba 1 nikijua nitatembea nayo mpaka 104, kama wale wanaoanza Biblia kuanzia Mwanzo tarehe moja Januari, na kama wao nikakwama kwenye Mambo ya Walawi, yaani CD ya nne tu chali. Sio kwamba ni mbaya, ila zile za mwanzo kwa mgeni zote zinasikika ndugu moja.

Boksi likakaa juu ya kabati miezi mitano. Siku nalishusha nakuta kibahasha cha CD ya 21 ndani kina CD ya 12, nafungua cha 12 nacho kina ya 12. Yaani ninazo mbili na 21 hakuna. Nikamwandikia muuzaji, kimya, halafu muda wa kurudisha ulishapita zamani. Kwa hiyo boksi likifika fungua siku hiyohiyo, toa moja moja, na namba uisome kwenye CD yenyewe, usiamini bahasha. Na hivyo vibahasha vya karatasi vimebana kweli, unavuta CD unaacha alama za vidole kote. Yale maboksi mazee ya plastiki nene nayo chungulia ndani, mengi yana kisponji, kikizeeka kinayeyuka kinaganda kwenye CD.

Ila sasa kilichonifanya nisiliuze. Nilikuwa na mafunzo ya vitendo Marl, kamji ka jirani hapa naenda kwa basi, kumbe hiyo okestra ilikuwa ya hapohapo Marl na ndiko walikorekodia boksi lote! Walikuwa Wahungari waliokimbia kwao baada ya yale machafuko ya 1956, wakatulia huku, wamepiga mpaka 2001 ndo ikafungwa. Basi nikaacha mambo ya kufuata namba nikaruka mpaka 45, ya 1772. Habari yake ni kwamba Prinsi Nikolaus Esterházy, bosi wa Haydn, alikaa kwenye kasri lake la mashambani muda mrefu kupita kawaida, wanamuziki wako naye hapo, wake na watoto wamebaki Eisenstadt, na hakuna wa kumwambia bosi tunaomba likizo. Haydn akawaandikia mwisho ambapo kila mtu akimaliza kipande chake anazima mshumaa anaondoka, mmoja mmoja, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili tu wanapiga kwa sauti ya chini. Mimi likizo yangu ya Desemba ilikuwa imekataliwa wiki hiyo. Nimeisikiliza kwenye basi, pembe zimeshaondoka, besi imeondoka, zimebaki zile fidla mbili, na wanaopiga ni watu ambao wenyewe hawakurudi kwao. Nilipitiliza kituo.

Haya, Beethoven. Hapa nilikuja na akili. Simfoni ni 9 tu, zinaenea kwenye CD 5, mtu unazimaliza. Na sikununua kitu kabla ya kuazima, maktaba za mji huku zinaazimisha CD, nikabeba boksi la Karajan na boksi la Gardiner (hao ni makondakta, wale wa kijiti, sio konda wa Mbagala). Kipimo changu ni kimoja, simfoni ya tatu, mwanzo kabisa, okestra nzima inapiga mara mbili: pa! pa! Basi. Kwa Karajan zile pa mbili ni mlango mkubwa wa kanisa unafungwa, kila kitu kimeungana, kinang'aa. Kwa Gardiner ni makofi mawili shavuni. Okestra anayoiongoza humo inatumia ala za staili ya enzi za Beethoven, nyuzi za utumbo, ngoma zinapigwa kwa vijiti vigumu, na anajaribu kufuata spidi ambazo Beethoven mwenyewe alizitoa 1817 baada ya metronomu, kile chombo cha kupimia spidi ya muziki, kuja. Ya tisa, ile yenye kwaya na tyuni ambayo siku hizi ni wimbo wa Umoja wa Ulaya, Karajan anatumia dakika kama 67, Gardiner kama 60.

Siku moja mama alipiga simu nikiwa kwenye sehemu ya pili ya hiyo ya tatu, akauliza, "Mwanangu, huko kuna msiba?" Nikamwambia ndio mama, ni maandamano ya mazishi kweli. Akasema haya, nitapiga baadaye.

Tahadhari kwa wanaomtaka Karajan. Na okestra ya Berlin peke yake karekodi zote 9 mara tatu kwenye lebo ileile, Deutsche Grammophon: 1961-62, tena miaka ya 70, tena miaka ya 80, na kabla ya hapo alishafanya nyingine London. Majalada yanafanana, nilikaribia kulipia ya miaka ya 80 wakati niliyoazima ni ile ya kwanza, iliyorekodiwa kanisani Dahlem, hukohuko Berlin. Geuza nyuma utafute kile kiduara chenye herufi P, huo mwaka ni wa sauti yenyewe kutoka mara ya kwanza, wenye C mara nyingi ni wa jalada tu, kwa hiyo boksi la juzi linaweza kuwa na mziki uliotoka 1963.

Nilichonunua ni Gardiner, na sababu sio kwamba ni bora, spika zangu ni ndogo za mezani, ukimweka Karajan besi inakuwa uji. Gardiner hata kwenye spika mbovu unamsikia kila mtu anafanya nini. Ningekuwa na spika za maana ningeenda kwa Karajan, ila simfoni ya sita, ile ya matembezi ya mashambani, anaikimbiza kama anawahi treni, sijui shamba gani hilo analitembelea. Na kama unachotaka ni ile ya tano tu, achana na maboksi, chukua CD moja ya kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, hiyo ya tano waliirekodi 1974, ina na ya saba humohumo.

CD ya 21 ya Dorati bado naitafuta. Mwenye nayo mbili anicheki, nina ya 12 ya kubadilishana.