Sindano ya miezi mitatu: tathmini kwa kuangalia inachofanya ndani ya kizazi

Sindano ya uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya umma hapa Dodoma, mjini na hata kwenye zahanati za Chamwino na Bahi. Inazuia mimba vizuri sana mtu akizingatia tarehe, na hilo halina ubishi. Wanaoiacha huiacha kwa sababu ya damu. Mmoja anaona matone wiki mbili mfululizo, mwingine haoni hedhi miezi mingi na kuambiwa mtaani kwamba uchafu umejikusanya tumboni. Malalamiko yote mawili yanatoka kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na mtoa huduma asiyeueleza utando huo kabla ya kuchoma amefanya nusu ya kazi.

Mwezi wa kawaida huenda hivi. Hedhi ikiisha utando unakuwa mwembamba, milimita 1 hadi 4. Homoni ya estrojeni huukuza hadi karibu milimita 10 au zaidi, yai linapevuka, kisha homoni ya projesteroni huukomaza. Mimba isipotunga homoni zote mbili hushuka, utando unabanduka na damu inatoka. Sindano ina miligramu 150 za medroksiprojesteroni, ndugu wa projesteroni anayetengenezwa kiwandani. Huzuia yai kupevuka, estrojeni inabaki chini, na utando unakosa wa kuukuza. Mbuga za Bahi mwezi wa tisa hazina nyasi za kufyeka kwa sababu mvua haikunyesha. Ndivyo kizazi kilivyo kwa mwenye sindano ambaye haoni hedhi. Hakuna damu iliyozuiliwa humo. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji huwa hawaoni hedhi kabisa, na kwa mwenye upungufu wa damu, hedhi nzito au selimundu hiyo ni faida kubwa. Sindano pia hupunguza hatari ya saratani ya utando huo.

Sasa matone. Utando uliosinyaa una mishipa midogo iliyotanuka, yenye kuta dhaifu, ambayo huvuja bila mpangilio. Hali hii ni ya kawaida zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Hapa ndipo makosa hufanyika. Kuwahisha sindano inayofuata ili damu ikate hakuna maana, kwani ni kuongeza homoni ileile iliyousinyaza utando. Kwenda duka la dawa kuomba norethisteroni ya miligramu 5 bila kupimwa nako tunakupinga: nayo ni ya ukoo wa projesteroni, na siku chache baada ya kuiacha damu inaweza kurudi. Kinachosaidia kwa muda ni asidi ya mefenamiki (dawa ya kutuliza maumivu) miligramu 500, mara 2 kwa siku baada ya kula, kwa siku 5, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Njia nyingine ni vidonge vya majira vyenye estrojeni, kimoja kwa siku kwa siku 21, maana estrojeni huujenga upya utando uliodhoofika. Hivi lazima viandikwe na mtaalamu: havimfai mwenye presha, aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, wala mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6.

Damu ikizidi siku 8, ikiwa mara mbili ya kawaida yako, au ikianza ghafla baada ya miezi mingi ya ukavu, usiilaumu sindano moja kwa moja. Mwenye damu hiyo apimwe mimba, maambukizi na uvimbe wa kizazi, shingo ya kizazi ichunguzwe, na kiwango cha damu kiangaliwe. Mwenye damu isiyojulikana chanzo asianzishiwe sindano kabla ya uchunguzi, na aliyewahi kuwa na saratani ya matiti apewe njia isiyo na homoni.

Uchomaji wenyewe una mambo mawili yanayopuuzwa sana. Dawa hutuama chini ya kichupa. Isipotikiswa vizuri, mteja hapati dozi kamili. Na mahali palipochomwa, begani au kwenye kalio, pasisuguliwe, kwa sababu kusugua huifanya dawa iishe mapema. Ile ya chini ya ngozi, Sayana Press, ina miligramu 104, hufanya kazi ileile kwenye utando, na mwanamke aliyefundishwa anaweza kujichoma mwenyewe tumboni au pajani. Kwa wanaoishi mbali na zahanati, hii ndiyo tungeichagua.

Kijiti, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, nacho huleta matone, tena hayatabiriki, ila kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Mtu ambaye shida yake kuu ni hedhi nzito na anaweza kupata kitanzi cha homoni cha miligramu 52, akichukue hicho: dawa yake inashuka moja kwa moja kwenye utando, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo.

Udhaifu mkubwa wa sindano uko hapa: ikishachomwa haitoki. Utando hurudi hali yake dawa ikiisha, lakini kwa wastani huchukua miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi mimba kutunga. Anayepanga mtoto ndani ya mwaka mmoja atafute njia nyingine.

Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Msimu wa kilimo na mvua ukimkwamisha mtu, sindano bado inaweza kutolewa hadi wiki 4 baada ya tarehe hiyo. Akizidisha hapo, apimwe mimba kwanza, na akichomwa atumie kondomu kwa siku 7.