Seti ya Makoleo ya Vito Kutoka Kikuubo: Lipi Linafaa Kazi na Lipi Halifai

Seti ninayoizungumzia inauzwa katika maduka ya vifaa ya Kikuubo, katikati ya Kampala, ndani ya mkoba mdogo wa zipu wenye makoleo matano mafupi ya mipini ya plastiki: la ncha mviringo, la ncha nyembamba, la ncha iliyopinda, la taya bapa na la kukatia waya. Haina jina la kiwanda linaloweza kufuatiliwa, na bei yake yote ni ndogo kuliko ya koleo moja zuri kutoka Ulaya. Nimeitumia kwa kazi ya kila siku ya hereni na mikufu, na nimefikia uamuzi kwamba anayeanza anaweza kuinunua kwa ajili ya makoleo matatu ya kwanza, alirekebishe la nne, na kikatio akitafute kwingine tangu siku ya kwanza.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu ya shanga za karatasi. Ushanga wenyewe, kama unavyotengenezwa na akina mama wa Acholi Quarter karibu na Kireka na vikundi vingine vingi nchini, hauhitaji koleo lolote: karatasi hukatwa pembetatu ndefu, huviringishwa kwenye kijiti au pini, hugundishwa kwa gundi na kupakwa vanishi. Lakini mnunuzi anayeingia katika vibanda vya sanaa vya Buganda Road huigeuza hereni na kutazama chuma chake. Akikuta kitanzi kilichobaki wazi, waya yenye alama za meno au ncha inayokwaruza kidole, anairudisha mezani hata kama rangi za ushanga zimempendeza. Kazi ya siku nzima ya mikono hupotea bei kwenye sehemu ndogo kama punje ya mchele, na sehemu hiyo ndiyo inayotegemea koleo.

Koleo la ncha mviringo ndilo lililoniridhisha zaidi. Taya zake ni koni mbili laini, nyembamba nchani na nene karibu na kiungo, na mahali waya inaposhikwa kwenye koni hizo ndipo panapoamua ukubwa wa kitanzi. Kwa hereni ya ushanga mmoja, pini hupitishwa kwenye tundu, waya inayobaki juu hupindwa pembe mraba palepale inapotokeza, hukatwa ibaki kama milimita 9, kisha ncha yake hubanwa na kuviringishwa kwa kugeuza kifundo cha mkono, kwa hatua mbili au tatu, mpaka iguse shingo yake yenyewe. Vitanzi viwili vya jozi moja vikishikwa mahali tofauti pa taya hutoka na ukubwa tofauti, na hereni moja huning'inia chini kuliko mwenzake. Kwa hiyo ni vizuri kuchora mstari kwenye taya kwa kalamu ya wino usiofutika na kuanzia hapo kila mara. Kwa waya ya shaba ya milimita 0.8, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa ndoano za hereni, koleo hili halikuyumba. Lilishindwa nilipolijaribu kwa shaba iliyochunwa kwenye waya ya umeme ya nyumbani ya 1.5. Namba hiyo ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, wala si kipenyo. Kipenyo chake, ikiwa ni uzi mmoja mzima, hukaribia milimita 1.4, na unene huo unapinda ncha za koleo lolote jembamba la aina hii.

Makoleo ya ncha nyembamba na ya ncha iliyopinda yanafaa kutumiwa pamoja, na napenda kusisitiza neno pamoja. Pete ndogo ya kuunganishia haifunguliwi kwa kuvutwa kushoto na kulia, kwa sababu ikitanuliwa hivyo duara lake halirudi tena kamili. Hushikwa na makoleo mawili, pengo likiwa juu katikati, kisha mkono mmoja husukuma mbele na mwingine huvuta nyuma. Wakati wa kuifunga, ncha hurudishwa kwa njia hiyohiyo, zikipitishana kidogo kabla ya kutulia, mpaka zisuguane na mkono usikie mkwaruzo mdogo wa chuma kwa chuma. Pete iliyofungwa hivyo haiachii uzi. Anayenunua koleo moja tu na kutumia kucha kwa upande wa pili hawezi kupata matokeo haya, na ndiyo sababu nashauri mtu awe na makoleo mawili ya kushikia kabla ya kufikiria kifaa kingine chochote.

Lile la taya bapa lilikuja na mistari ya meno ndani ya taya. Kwa fundi wa umeme meno ni msaada, na plaizi yake kubwa haina budi kuwa nayo. Kwa sonara ni hasara, kwa maana shaba na fedha ni laini na kila mbano huacha alama. Nilisugua taya hizo kwa msasa wa namba 400, kisha wa 1000, uliozungushiwa kijiti bapa, mpaka mistari ikaisha na kingo zikapoteza ukali. Sasa linafanya kazi. Kwa vipande vya pembe za ng'ombe wa Ankole, hata hivyo, sitalitumia hata likiwa limesuguliwa, kwa kuwa pembe iliyokatwa nyembamba hupasuka ikibanwa na chuma; hapo ni bora koleo lenye taya za nailoni, ambalo pia hunyoosha waya iliyojikunja bila kuikwaruza.

Kikatio ndicho kinachonisikitisha. Kikatio kizuri cha vito huacha upande mmoja wa mkato ukiwa bapa na upande wa pili ukiwa umechongoka, na fundi huelekeza mgongo bapa wa kikatio kwenye kazi yake ili ncha kali iende na kipande kinachotupwa. Hiki cha seti huacha mchongoko pande zote mbili. Kwenye ndoano ya hereni hilo si suala la urembo peke yake, kwani ncha ya namna hiyo hukwaruza tundu la sikio kila hereni inapovaliwa, na kila ndoano inabidi ipitishwe kwenye tupa ndogo kabla haijauzwa. Nilipokishika kikiwa kimefungwa mbele ya dirisha, mwanga ulipenya kati ya makali nchani, mahali hasa ambapo makali yanapaswa kukutana. Vikatio vya Xuron vya Marekani, ambavyo makali yake hupishana kama ya mkasi, hukata shaba kwa usafi zaidi. Lakini hata kikatio cha bei kubwa kisitumike kwenye waya ngumu ya chuma inayojikunja yenyewe, ile ya bangili: mkato mmoja unatosha kutoboa pengo kwenye makali. Na kipande kinachokatwa kifunikwe kwa kidole au kielekezwe chini, kwani huruka kwa kasi na macho hayana mbadala.

Kwa anayefanya kazi hii saa nyingi kila siku, kiungo na mipini vina uzito kuliko idadi ya makoleo mkobani. Shika mpini mmoja, tikisa mwingine juu na chini. Taya zikicheza, pete zitateleza. Springi ya seti hii inasukuma vizuri, ila mipini ni mifupi na mwisho wake huchoma katikati ya kiganja, jambo ambalo wenye viganja vikubwa watalihisi mapema. Makoleo ya Knipex ya Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1882, au ya Lindström ya Uswidi, yamenyooka na kutulia zaidi mkononi, na kikundi kinachouza kwa jumla kinaweza kuchangia kununua jozi moja kwa ajili ya mtu anayefunga pete.

Kampala ina unyevu, kwa hiyo tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo na kitambaa kikavu kwenye taya vinatosha kuzuia kutu.

Ombi langu ni kwa wauzaji wa Kikuubo: ruhusuni mkoba ufunguliwe kabla ya malipo, na uzeni makoleo haya moja moja. Mama anayehitaji mawili ya ncha nyembamba na moja la ncha mviringo asilazimike kulipia kikatio ambacho hatakitumia.