Tahadhari: Mipira ya Theluji Inauzwa kwa Jina la Mipira ya Mvua

Assalaam alaykum. Naandika haya kwa uchungu na, sitaficha, kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wanaotapeliwa.

Kabla ya masika nilivuka kwenda Unguja kwa shughuli zangu, nikaona nitumie safari hiyo kutafuta mipira miwili ya nyuma ya gari la marehemu baba. Upande wa Mwanakwerekwe nikaingia katika duka la mipira ya mtumba kutoka Japani. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua iliyonyooka kwa pasi, aliniuliza kwanza ni gari gani. Nilipomtajia Mark II, akasema: "Ami, gari hilo linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ukikata kona kwenye mvua, nyuma ndiko kunakotangulia kuteleza. Mpira ulio bora uweke nyuma." Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyoniponza. Kisha akachukua mpira, akaupangusa kwa kitambaa, akaudidimiza ukucha wa kidole gumba, nao ukaingia kama katika boflo. "Laini huu," akaniambia, "ndio unaonata kwenye lami, na mikato hii Wajapani wameitia kwa ajili ya maji." Nikatazama: kashata zimejaa, na juu yake mikato myembamba kama ya wembe imepangwa mawimbi mawimbi. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Adhuhuri ikaadhiniwa, akafunga duka, tukasali safu moja. Nani angemshuku? Nilimlipa shilingi 180,000 bila hata kudai risiti.

Wiki ya pili ya mvua, nikitoka Mkoani na familia, tunashuka mteremko kabla ya kuingia Chake kwa mwendo usiozidi 40, niligusa breki na nyuma ya gari ikaniondokea taratibu, kama ngalawa iliyokatika nanga. Tulisimama tukiangalia tulikotoka, gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila mke wangu hadi leo anapanda daladala.

Fundi alicheka kabla ya kunionea huruma. Mipira ile imetengenezwa kwa theluji, kwa baridi ya chini ya nyuzi 7, ambako mpira wa kawaida hukakamaa na huu hubaki laini. Kule ina kazi yake, na gari kama langu hufungwa minne, si miwili. Katika joto letu hulegea, huchelewa kushika breki na huisha upesi. Kashata zimejaa kwa sababu wenzetu huifunga miezi ya baridi tu, kisha huihifadhi ghalani hadi ikazeeka.

Nilipompigia simu muuzaji, alinijibu bila haya: "Ami, theluji si maji hayo hayo?" Mtu huyu anyang'anywe leseni, afikishwe mahakamani, na shehena yake yote ikatwe visu mbele ya macho yake. Ningekuwa na uwezo, ningemfungisha mipira ile miguuni, ateremke nayo mlima ule ule siku ya mvua. Taasisi ya Viwango nitaiandikia, risiti ama pasiwe na risiti.

Mnaonunua, tazameni ubavuni mwa mpira: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS, basi uacheni. Someni pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Wangu uliandikwa 3911, yaani wiki ya 39 ya mwaka 2011, nami niliuona mpya. Mipira yenyewe iko barazani kwangu, sikumuuzia mtu wala sitamuuzia. Anayetaka kuuona mchoro huo kwa macho yake aje baada ya alasiri.