Rola za konveya ya kwari: kagua sili kwanza, rangi baadaye

Jamani wenye kwari za Lugoba na Kunduchi mnaniandikia sana na kilio ni kimoja, mtu kaacha matipa kaweka konveya, ule mkanda wa kubebea mawe, apumue na bei za dizeli za EWURA, wadhibiti wa nishati, faida hajaiona mkanda ushachanika. Ukifuatilia, mkanda hauna kosa, ni rola, lile bomba linalozunguka chini ya mkanda, imejam, mkanda ukawa unasugua palepale mpaka bomba la rola likaliwa likabaki na makali kama wembe.

Upana na spidi ya mkanda sigusi, fundi wako anajua. Mimi naongelea sili, ile kinga ya kuzuia uchafu usiingie kwenye beringi za rola. Vumbi la krasha, mashine ya kusaga mawe, likichanganyika na maji ya mvua likaingia kwenye beringi, rola imekwisha, na konveya sio matipa, tipa moja likifa mengine yanapiga kazi, hapa mkanda ukichanika shimo zima limesimama na vibarua wanataka hela yao.

Namba moja kwangu ni rola ya Rulmeca PSV ya Italia, naipenda na sifichi. Nje ina kinga ya mawe na mpira laini, ndani labirinti, yaani vinjia vya kona kona, iliyojaa grisi, vumbi linaishia njiani. Ni ghali ndiyo, lakini konveya inapanda mteremko wa nyuzi 18 hivi wakati barabara ya matipa inaishia kama nyuzi 6, faida hiyo yote usiiue kwa rola mbovu.

Namba mbili, rola za kuchongwa hapahapa mjini, sharti uione beringi kabla haijafungwa, iwe ya kampuni ya SKF au FAG orijino, saizi namba 6205 au 6305, na sili iwe labirinti.

Tatu za plastiki ngumu, nyepesi na hazichani mkanda kirahisi, ila ziweke chini mkanda unaporudi mtupu, sio pale mawe yanapodondokea.

Za bei chee zenye rangi ya kung'aa, hapana.

Na hawa wauzaji wa Gerezani wananikera kweli, anaizungusha rola kwa mkono inazunguka weee, anakwambia unaona ilivyo laini! Rola yenye sili nzuri na grisi ya kutosha inakuwa nzito kidogo, hiyo inayozunguka hovyo mara nyingi ni kavu. Mwambie afungue moja mbele yako, akigoma nenda duka la pili. Halafu bado wanakutajia bei kwa dola, wakati tangu 2025 kanuni zinakataza, duka liko Dar, mteja wa Dar, dola ya nini? Dai bei ya shilingi na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, iandikwe aina ya beringi, maana bila hiyo rola ikijam hana habari na wewe.